Bwawa la Norris, Tennessee: kazi za enzi ya Mdororo Mkuu, umeme ninaowasha leo, na barabara inayozama ziwani

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za Jumapili.

Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Knoxville, jimbo la Tennessee. Kila mwezi nalipia umeme kwa shirika la mji, na shirika la mji linaununua kwa TVA, yaani Mamlaka ya Bonde la Tennessee. Miaka yote hiyo TVA kwangu ilikuwa majengo mawili marefu katikati ya mji, basi. Januari iliyopita mzee mmoja ninayesali naye alinichukua hadi Ziwa Norris, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Majira ya baridi maji ya ziwa lile hushushwa ili kuachia nafasi mafuriko yakija, na kingo zake hubaki udongo mwekundu mtupu. Akanionyesha barabara ya zamani: inashuka kilimani, inakata ule udongo, inazama majini. Akasema, "Hiyo ndiyo njia aliyopita bibi yangu kwenda dukani."

Nilishindwa kumjibu. Babu yangu kule Kasulu naye alihama miaka ya sabini, akaacha miembe yake na kaburi la mama yake. Tangu siku ile nikipata nafasi baada ya zamu nasoma habari za bwawa hili, na nimeona nisiweke peke yangu.

Tuanzie 1933. Marekani ilikuwa katika Mdororo Mkuu wa uchumi, mfanyakazi mmoja katika kila wanne hana kazi, benki zinafunga milango na akiba za watu zimo ndani. Franklin Roosevelt aliapishwa kuwa rais Machi 4 mwaka huo akaja na mpango aliouita New Deal. Ndani yake mlikuwa na vyombo vingi vya kuwapa watu kazi za umma, na vinachanganya kwa herufi zake. CCC ilichukua vijana wa kiume wasio na ajira ikawapeleka makambini kupanda miti, kuzuia mmomonyoko na kuchonga njia za milimani. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwao nyumbani. WPA ilianza 1935 na kabla haijafungwa 1943 ilikuwa imeajiri watu kama milioni 8.5, wakajenga barabara, madaraja, shule, viwanja vya ndege na mifereji ya maji machafu nchi nzima. TVA ilikuwa kitu cha aina yake: sheria yake ilisainiwa Mei 18, 1933, ikipewa bonde zima la mto linalopita katika majimbo saba, lishughulikiwe kama kitu kimoja. Mafuriko, umeme, misitu, mbolea, usafiri wa majini, vyote chini ya paa moja.

Bonde lenyewe lilikuwa limechoka. Milima imekatwa miti, mvua inakokota udongo wa juu, mahindi yanatoka mafupi. Nchi nzima ni shamba moja tu katika kila kumi lililokuwa na umeme, na huku kwenye vilima hali ilikuwa mbaya zaidi ya hapo. Kampuni za umeme zilisema wazi kwamba kupeleka waya kwa wakulima hakulipi.

Bwawa la Norris ndilo la kwanza TVA kulijenga. Kazi ilianza Oktoba 1933 kwenye Mto Clinch, mmoja wa mito inayolisha Tennessee, na Machi 4, 1936 milango ikafungwa maji yaanze kupanda. Ukuta wa zege una kimo cha mita 81 na urefu wa mita 567. Nimesimama chini yake. Hauna pambo lolote. Msanifu wake, Roland Wank, alikuwa mhamiaji kutoka Hungaria, na aliamini kitu kilichojengwa kwa fedha ya wananchi kiwe kizuri kwa umbo lake na mwananchi aruhusiwe kuingia akione. Hadi leo kuna sehemu ya juu ya kusimama na kutazama, na hulipi hata senti.

Kilichonigusa zaidi ni namna kazi ilivyopangwa. Hawakutafuta watu wachache wa kufa kwa kazi. Siku iligawanywa kwa zamu nne za saa tano na nusu, ili mshahara ufike nyumba nyingi zaidi na mtu abaki na muda wa kujifunza. Baada ya zamu kulikuwa na madarasa ya useremala, ufundi wa umeme, ufugaji, na vitabu vya kuazima. Mimi nimefanya kazi ghalani zamu za saa kumi na mbili usiku mzima. Nikisoma kwamba mwaka 1934, katikati ya njaa, kuna mtu aliyekaa akaamua kibarua wa kumwaga zege apate nafasi ya kwenda darasani, naona tumerudi nyuma mahali fulani.

Pembeni ya bwawa wakajenga mji mdogo, nao ukaitwa Norris. Jina ni la seneta wa Nebraska, George Norris, aliyepigania miaka na miaka umeme wa mto uwe mali ya umma. Nyumba za mbao na mawe ya huku huku, kila moja na baraza lake, zote na umeme kamili wakati majirani zao wa maili chache wanawasha taa za mafuta. Katikati shule, na mji mzima umezungukwa na mkanda wa msitu usiojengwa. TVA iliuuza mji huo 1948, na baadaye nyumba zikaingia mikononi mwa waliokuwa wakiishi humo. Msitu ule upo hadi sasa. Mradi wa dharura wa ajira umewaachia watu wa leo mahali pa kutembeza watoto jioni.

Nitaendelea na upande wa walioondolewa, maana huko ndiko mzee alikonipeleka. Karibuni mchangie.

#2 Mchangiaji, Morogoro

Mkuu asante kwa uzi. Hao waliohamishwa walilipwa? Maana sisi tunajua fidia inavyokuwa.

#3 Mleta mada

Swali lako ndilo lililonikosesha usingizi.

Karibu familia 2,900 ziliondolewa kupisha ziwa la Norris. Serikali ilichukua zaidi ya ekari 150,000, nyingi zikiwa juu ya mstari wa maji. Mwenye shamba alilipwa, ila bei haikuwa ya kupatana: afisa anakuja na kiasi kilichokwisha kupangwa, unakubali au unakataa. Ukikataa, shauri linapelekwa kwa makamishna watatu walioteuliwa na mahakama, si kwa baraza la wazee wa mahakama wa kutoka kwenu. Wengi walikubali tu.

Waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno hawakulipwa chochote kwa ajili ya ardhi, kwa sababu ardhi haikuwa yao. Mtu amelima bonde lile miaka ishirini, amefukia jasho lake pale, anaondoka na mkokoteni na kuku. Msaada wa kutafutiwa pa kwenda ulikuwa mdogo, na mwaka 1934 mashamba ya kukodi hayakupatikana kirahisi. Hili sitalipamba. Mradi uliosifiwa dunia nzima kwa kupanga kila kitu, kuanzia punje ya mbolea hadi kimo cha dirisha, haukuwapangia hawa.

Kulikuwa na kijiji kikiitwa Loyston, na maduka yake na kanisa lake. Kimezama. Sehemu pana kuliko zote ya ziwa leo inaitwa Bahari ya Loyston, na wikendi za kiangazi watu wanapita juu yake na boti za mwendo kasi. Kabla hakijazama, TVA ilimleta mpiga picha Lewis Hine, yule aliyesifika kwa picha za watoto viwandani, akawapiga watu wa bonde majumbani mwao. Ukiziona picha hizo utawajua. Mama kakaa barazani na beseni la maharagwe, mzee na fimbo yake, watoto peku. Ondoa theluji tu, ni watu wa kwetu.

Halafu makaburi. Zaidi ya makaburi 5,000 yalihamishwa. Familia iliulizwa: tumhamishe marehemu wenu au tumwache? Waliokubali, mifupa ilikusanywa ikazikwa upya juu ya vilima. Mengi yalikuwa na jiwe la mtoni tu lisilo na jina. Mzee wangu alinipeleka kwenye makaburi mapya. Mistari imenyooka kama ya askari, maana waliopanga walikuwa wahandisi, na hilo ndilo linaloonyesha kwamba hapa hapakukua makaburi polepole kifo kwa kifo.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana huku, cha familia iliyogoma kuhama kwa sababu moto wa mekoni kwao haujazimika tangu babu zao walipofika bondeni. Inasemekana mwishowe waliondoka baada ya kukubaliwa wabebe moto wenyewe, makaa yakiwaka, hadi nyumba mpya. Kweli au si kweli, watu wa huku wanakishikilia, na mimi naelewa kwa nini.

#4 Mchangiaji, Nairobi

Kaka, nimesoma yote. Na watu weusi je? Hiyo ilikuwa kusini mwa Marekani, miaka ya thelathini. Sidhani zile nyumba nzuri zenye baraza zilikuwa za kila mtu.

#5 Mleta mada

Dada, umeenda moja kwa moja kwenye kidonda.

Weusi hawakuruhusiwa kuishi Norris. Si kwamba walishindwa kodi, walikatazwa. TVA ilijisifu kwamba inaajiri weusi kwa kadiri ya idadi yao katika eneo, na hesabu zake ziliweza kuonyesha hivyo, lakini kazi walizopewa karibu zote zilikuwa za kubeba na kuchimba, na yale madarasa ya ufundi niliyoyasifia juu hayakuwa yao kwa usawa. Mwaka 1934 chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, kilipeleka wanasheria kuchunguza, mmoja wao Charles Houston, aliyekuja kuwa mwalimu na kiongozi wa mawakili walioangusha ubaguzi wa mashuleni. Walichoona wakakiandika bila kumung'unya maneno. Makambi ya CCC nayo yalitenganishwa kwa rangi.

Na huu nao ni urithi. Nyumba ni akiba. Aliyepewa nafasi ya kununua nyumba Norris baada ya vita alimwachia mwanawe kitu. Kibarua mweusi aliyemwaga zege ile ile kwa mikono ile ile alirudi kwenye chumba cha kupanga. Wajukuu wa wote wawili wako hai leo na unaweza kupima tofauti kwa macho. Mimi mwenyewe mweusi niliyekuja juzi naendesha gari hadi Norris, nakaa kwenye nyasi mbele ya shule, hakuna anayeniuliza. Sikuipata ruhusa hiyo kwa waliojenga mji. Niliipata kwa waliopigana baadaye.

#6 Mchangiaji, Dodoma

Mimi nimesoma uchumi kidogo. New Deal haikumaliza mdororo, vita ndivyo vilivyoumaliza. Mwaka 1940 ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa bado karibu asilimia 15. Hizi kazi za umma zinasifiwa kupita kiasi.

#7 Mleta mada

Mkuu, takwimu yako iko sawa, na naongeza: 1937 Roosevelt alipunguza matumizi ya serikali na uchumi ukaporomoka tena mwaka uliofuata. Ila fahamu kwamba katika hesabu hiyo inayotajwa sana, mtu aliyekuwa akijenga daraja la WPA alihesabiwa hana kazi. Ukimhesabu kama mtu mwenye kazi, ambavyo ndivyo alivyojiona mwenyewe akipokea mshahara, asilimia inashuka sana.

Lakini mimi sikuja na uzi huu kubishania kama zile kazi zilimaliza mdororo. Naongelea kilichobaki mahali. Vita vyenyewe viliukuta umeme wa TVA uko tayari. Serikali ilipochagua 1942 pa kujenga Oak Ridge, kile kiwanda cha siri cha kurutubisha urani, moja ya sababu ni kwamba Norris ilikuwa jirani na umeme upo. Watu wapatao 3,000 wakaondolewa tena. Zipo familia zilizofukuzwa na hifadhi ya milima ya Great Smoky, zikahamia bonde la Clinch, zikafukuzwa na Norris, zikahamia upande wa pili, zikafukuzwa na Oak Ridge. Mara tatu katika umri wa mtu mmoja.

Halafu tazama mji wa Chattanooga, huko mto unakoteremkia. Mwaka 1935 bunge la jimbo liliruhusu mji uanzishe shirika lake la kusambaza umeme wa TVA, EPB. Shirika hilo hilo, bado mali ya mji, mwaka 2010 lilitandaza nyaya za intaneti ya kasi ya gigabiti kwa kila nyumba ya eneo lake, wa kwanza Marekani nzima kufanya hivyo. Kampuni kubwa zilisema hakuna soko. Wakulima wa 1933 waliambiwa maneno hayo hayo kuhusu umeme. Uamuzi wa miaka ya thelathini kwamba mji uwe na shirika lake ndio uliofanya hili liwezekane, na hapo ndipo naona thamani ya zile kazi kuliko kwenye zege.

Nisisahau hapa jirani Kentucky. WPA iliwalipa wanawake dola 28 kwa mwezi kupeleka vitabu milimani kwa farasi na nyumbu, kuanzia 1935 hadi 1943. Mwanamke anavuka vijito, anafika kibandani, anasoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma, anaacha magazeti yaliyoshonwa upya na kuchukua ya wiki iliyopita. Hakuna bwawa hapo, hakuna jiwe la msingi. Nimelitafakari hili zaidi ya takwimu zote.

#8 Mchangiaji, Kitale

Sisi huku tuna TARDA, mamlaka ya Mto Tana, tangu 1974, na nilifundishwa kwamba mfano wake ni TVA. Tanzania nayo ilikuwa na RUBADA ya Rufiji. Lakini bwana, maji mengi yaliyosimama si ni mbu? Malaria waliifanyaje?

#9 Mleta mada

Ni kweli, mamlaka nyingi za mabonde duniani ziliigwa kutoka huku, RUBADA ya 1975 ikiwemo, na ndoto ile ile ya Rufiji leo ni Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Norris lilipoanza lilikuwa na takriban 100.

Malaria: watu wengi hawajui kwamba ilikuwepo Tennessee na Alabama. Sehemu za chini za bonde karibu mtu mmoja katika kila watatu alikuwa nayo. Na kweli kabisa mabwawa yangeizidisha. TVA ikaajiri madaktari na wataalamu wa wadudu tangu mwanzo. Walikata vichaka vya kingoni kabla maji hayajapanda, wakaweka nyavu za waya madirishani, wakapulizia dawa, na wakaja na ujanja mmoja ninaoupenda sana: kiangazi walipandisha na kushusha maji ya ziwa kidogo kila wiki. Viluwiluwi vinavyojificha kwenye nyasi za ukingoni vinaachwa nchi kavu vikafa, au vinasukumwa kwenye maji wazi samaki wakavila. Kufikia mwishoni mwa miaka ya arobaini malaria ilikuwa imetoweka bondeni. Mimi nimemzika mdogo wangu kwa malaria, akiwa na miaka minne. Niliposoma ukurasa ule nilifunga kitabu kwanza.

Na wewe wa Kitale unalima mahindi bila shaka. Mbolea ya DAP unayopandia, njia ya kiwandani ya kuitengeneza katika punje ilikamilishwa na wataalamu wa TVA pale Muscle Shoals, Alabama, na kituo cha kimataifa cha mbolea kinachofanya kazi na wakulima wa Afrika Mashariki, IFDC, makao yake yako hapo hapo tangu 1974. Kwa hiyo kuna mkono wa bonde hili shambani kwako.

#10 Mchangiaji, Morogoro

Mkuu umetupeleka mbali. Hayo makaburi mengine, waliyoyaacha bila kuyahamisha, ndugu wanayatembelea?

#11 Mleta mada

Ya Norris yaliyoachwa chini yamo majini. Lakini kuna bwawa lingine la TVA, Fontana, upande wa North Carolina, lililojengwa haraka wakati wa vita. Maji yake yalikata barabara ya watu wa kando ya kaskazini, makaburi yao yakabaki ng'ambo, ndani ya hifadhi. Mwaka 1943 serikali iliahidi kwa maandishi kujenga barabara mpya baada ya vita. Ilijengwa maili chache, wakachimba handaki, kisha wakaacha. Wenyeji wanaiita Barabara ya Kwenda Pasipo na Mahali. Mwaka 2010 serikali ikakubali kuilipa wilaya ile dola milioni 52 badala ya barabara.

Mzee wangu ana ndugu kule. Anasema kila kiangazi wafanyakazi wa hifadhi huwavusha ziwa kwa boti, wazee na vitukuu, na maua na vyakula vyao. Wanapanda kilima, wanafagia makaburi, wanaomba, wanakula pale pale juu ya nguo zilizotandikwa chini, jioni wanavushwa kurudi. Ameniambia mwaka huu kuna nafasi kwenye boti. Nimeshaomba ruhusa kazini.